Macho Mekundu si Ushahidi

Katika hadithi nyingi tunazowapa watoto wetu, mchawi hana haja ya kutajwa kwa kazi yake. Mwandishi humchora ajuza aishiye peke yake, mwenye macho mekundu, na msomaji mdogo hukamilisha mengine. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na nakiri kwamba picha hiyo nimewahi kuitumia. Leo naishutumu.

Nilikulia Kongwa. Hatua chache kutoka tembe yetu aliishi bibi mmoja mjane. Jua lilipoinama aliketi mlangoni, kibano cha chuma mkononi, akang'oa kitu machoni mwake, akakitazama juu ya ukucha, kisha akakipuliza. Nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa na yakini kwamba alichopuliza ni maradhi. Ndama wetu alipokufa, nilijua kifo kimetoka wapi. Mvua iliposita mwezi wa Januari, niliwaambia wenzangu kwamba yeye ndiye aliyeifunga. Hakuna mtu mzima aliyenikanya. Mmoja alitikisa kichwa kama asikiaye habari aliyokwisha kuijua, nasi tukazidi kumkimbia bibi wa watu.

Nilikuwa mtu mzima tabibu mmoja aliponieleza kwamba alichokuwa aking'oa ni kope zake mwenyewe. Ugonjwa wa vikope, au trakoma, ukimrudia mtu mara nyingi huacha makovu ndani ya kifuniko cha jicho. Kovu hukivuta kifuniko kwa ndani, kope zikaligeukia jicho na kulikwaruza kila mtu apepesapo. Asipotibiwa, hupofuka. Kibano kile kilikuwa dawa yake.

Wasomaji wa historia huijua Kongwa kwa mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ukafa upesi. Wataalamu wa macho huijua kwa vikope. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vyake miaka ya 1980 uliwakuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo na ugonjwa huo. Hapa, enyi walimu, ndipo pa kutua na kutafakari. Makao makuu ya vijidudu hivyo ni nyuso za watoto: kamasi, tongo, nzi wa zizini, na maji yasiyotosha kunawa. Mwanamke awafutaye watoto kwa ncha ya kanga yake huambukizwa mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana makovu hayo huwapata wanawake kuliko wanaume. Moshi wa kuni ndani ya tembe isiyo na dirisha huongeza wekundu. Bibi yule alilea watoto wa ukoo mzima na wa majirani pia. Yamkini sisi tuliomwita mchawi ndio tuliompa macho yale.

Wapo wasemao kwamba kushuku uchawi ni utamaduni wetu, na kwamba apingaye amelewa usomi wa kigeni. Ati utamaduni! Kumwamkia mzee kwa adabu, kumtekea maji na kumpokea mzigo, hayo nayo ni ya Ugogo. Nani aliyetuchagulia kuyaacha hayo tukashika hofu peke yake? Huko Usukumani, tangu miaka ya 1970, vikongwe wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa mapanga, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Wauaji nao waliwahi kuwa na miaka minane, na yumkini nao hawakukanywa. Hata sheria ya uchawi tuliyoirithi, ya mwaka 1928, humtia hatiani ajidaiye kuwa na uwezo huo. Bibi yetu hakujidai lolote.

Sisemi hadithi za wachawi zichomwe moto. Nyingine ni tamu, na mtoto hupenda kuogopa akiwa salama. Nasema tusimwazime mchawi wa hadithi uso wa jirani aliye mgonjwa. Upasuaji mdogo huzirudisha kope mahali pake, na ziko dawa za kugawiwa kijiji kizima. Lakini nani atampeleka zahanati mtu ambaye watoto humkimbia na wakubwa hunyamaza?

Shuleni, mwalimu wa sayansi na mwalimu wa fasihi hupishana mlangoni. Mmoja ameacha mchoro wa jicho ubaoni, mwenzake anaingia na hadithi ya ajuza. Naomba mchoro ule usifutwe mpaka hadithi imalizike kusomwa.