JPEG au RAW? Jibu langu kwa anayeanza

Swali hili naulizwa mara kwa mara: "Nimenunua kamera yangu ya kwanza. Nitumie JPEG au RAW? Na nihariri picha kwa programu gani?" Leo nitajibu, lakini kwanza nikueleze kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2007 nilimpiga nyanya picha akichambua mboga mlangoni. Ilitoka vizuri sana. Ili niitume kwa barua pepe kutoka saiba, niliipunguza hadi pikseli 640 kwa 480, kisha nikabonyeza "hifadhi". Picha kubwa ikapotea papo hapo, na kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta. Nyanya alipofariki, mama aliomba picha hiyo aitundike ukutani. Ukichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi, ilitosha upana wa inchi mbili tu, karibu sawa na picha ya pasipoti.

Kwa hivyo kwangu mimi, swali la kwanza si programu gani. Ni hili: faili asili itabaki salama?

Sisi waandishi wa programu hatuthubutu kupoteza msimbo asilia, kwa sababu kila kitu hutengenezwa kutokana nao. RAW ndiyo msimbo asilia wa picha. JPEG, iliyosanifishwa mwaka 1992, hutupa sehemu ya data ili faili iwe ndogo, na kila ukiihariri na kuihifadhi tena, hutupa nyingine. JPEG ina viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi; RAW ya biti 14 ina 16,384. Ndiyo maana uso uliotoka mweusi kwa kuwa jua lilikuwa nyuma yake unaweza kuokolewa kwenye RAW.

Wapo wasemao RAW ni ya mabingwa na inakula nafasi. Nafasi inakula kweli. Lakini anayekosea mwanga mara nyingi ni nani, bingwa au anayeanza? Kamera nyingi zina chaguo la RAW+JPEG. Chagua hilo: JPEG ya kutuma leo, RAW ya kuweka.

Programu je? Anza na darktable au RawTherapee. Zote ni programu huria, hulipi hata shilingi, na zinatumika kwenye Linux, Windows na Mac. darktable haigusi faili asili. Mabadiliko yako huandikwa katika faili ndogo ya kando. GIMP peke yake haifungui RAW, lakini tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, ukibonyeza "hifadhi" unapata faili ya XCF. Ukitaka JPEG lazima uagize kwa amri nyingine. Wengi walilalamika. Mimi nilimkumbuka nyanya.

Photoshop ni nzuri, lakini mwaka 2013 Adobe walihamia mfumo wa kulipia kila mara. Jifunze kwanza na za bure.

Na kama unatumia simu isiyo na RAW, usijali. Nakili faili kwanza, kisha uhariri nakala. Ni sekunde mbili tu.

Picha ya nyanya bado ninayo. Imo kwenye fremu ndogo mezani, maana ukutani haionekani.