MZAZI ASHIKE UBAO, MTOTO ASHIKE MSUMENO

Si jambo geni katika vijiji vya Mkoa wa Simiyu kumkuta mtoto akikokota gari aliloliunda kwa mikono yake mwenyewe. Bodi ni kipande cha ubao au mabua ya mtama. Magurudumu ni vifuniko vya chupa au vipande vya ndala kuukuu. Ekseli ni msumari au waya. Watu wazima hupita wakitabasamu na kusema kwamba mtoto anacheza. Sisi twasema mtoto huyo yumo darasani, na kwamba darasa hilo lina kasoro moja kubwa: mwalimu wake, ambaye ni mzazi, hayumo.

Hebu tulitazame gari hilo dogo kwa makini. Magurudumu yasipolingana, gari huenda upande. Tundu la ekseli likiwa pana mno, gurudumu huyumba. Likiwa jembamba mno, halizunguki. Msumari ukisuguliwa kwa msasa na kupakwa nta ya mshumaa, gari lililokuwa likisuasua huteleza. Haya si mambo ya watoto peke yao. Ndiyo yale yale ayajuayo mkulima wa Itilima au Meatu atengenezapo mkokoteni wake wa ng'ombe kabla ya kupeleka pamba kwenye chama cha msingi. Baba anayo elimu hiyo mikononi, na mtoto ana kiu nayo. Lakini wawili hao hawakutani. Baba hufanya kazi yake huku akimfukuza mtoto asimsumbue, na mtoto huenda nyuma ya nyumba kuhangaika peke yake na kisu kisicho na mpini.

Chanzo cha hali hiyo ni kasumba tuliyoirithi, kwamba kazi ya mikono ni ya mtu aliyeshindwa masomo. Mwalimu Julius Nyerere aliikemea kasumba hiyo katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alipoonya juu ya elimu inayomtenga mtoto na wazazi wake na kumfanya aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni. Dini zetu nazo hazikuidharau randa wala msumeno. Waislamu hufundishwa kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala, na Wakristo husoma kwamba Yesu alilelewa katika nyumba ya seremala. Iweje basi sisi tumwonee haya mtoto mwenye vumbi la mbao kichwani?

Tangu Januari 2024 taifa letu limeanza kutekeleza mitaala mipya, ambamo mwanafunzi wa sekondari anaweza kufuata mkondo wa amali. Hatua hiyo twaiunga mkono kwa dhati. Lakini tusijidanganye. Mtoto anayefika kidato cha kwanza hajawahi kupima ubao wala kunyoosha msumari atakuwa mgeni katika karakana, hata karakana hiyo ikijaa vifaa vipya. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mkono nao hufunzwa ungali mdogo, na mahali pa kwanza pa kuufunza ni uani kwa wazazi wake.

Wenzetu wa mbali wamelijaribu jambo hili. Mwaka 1953 huko Manhattan Beach, katika jimbo la California nchini Marekani, kiongozi mmoja wa maskauti wadogo aitwaye Don Murphy aliona kuwa mwanawe hajafikisha umri wa kushindana katika magari ya kupanda. Akabuni mashindano ya magari madogo ya mbao za msonobari, yasiyo na injini, yanayoteremka kwenye njia ya mbao kwa uzito wake yenyewe. Kusudi lilikuwa baba na mwana waunde kitu pamoja. Mashindano hayo yalienea nchi nzima. Pamoja na sifa hiyo, yalizaa ugonjwa ambao hatuna budi kuujua mapema: wako akina baba waliomnyang'anya mtoto kazi, wakachonga gari wao, ili wao ndio washinde. Mtoto akabaki kuwa mchukuzi wa gari la baba yake. Ushindi wa namna hiyo ni hasara tupu.

Kwa sababu hiyo twatoa wito kwa kamati za shule, walimu na wazazi wa mkoa wetu. Likizo ya mwezi Juni itumike kuunda magari, na shule zikifunguliwa, kila shule ya msingi itenge siku moja ya mashindano. Nchi yetu ni ya mbuga na miteremko ni michache, lakini hilo si kikwazo; mbao ndefu zilizoegemezwa kwenye meza zatosha. Magari yasishindaniwe kwenye barabara za lami, ziwe za kwenda Lamadi au Maswa, kwa maana hakuna mchezo wenye thamani ya uhai wa mtoto.

Kanuni ziwe chache na ziheshimiwe. Kwanza, mzazi ashike ubao, mtoto ashike msumeno. Na kabla ya gari kushindana, mtoto aeleze mwenyewe alivyoliunda. Asiyeweza kueleza, gari si lake. Pili, kisitumike kitu cha kununua, ili mtoto wa mfanyabiashara asimshinde mtoto wa mkulima kwa fedha. Tatu, usikatwe mti mbichi. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga mwaka 1986, mradi wa HASHI ulipoanza kuirudishia miti nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa, na wazee wetu wakafufua ngitili zao kwa jasho. Masalia yaliyotupwa kwenye karakana za maseremala yanatosha.

Wasichana wasiachwe nyuma, wala akina mama wasiambiwe kwamba jambo hili ni la wanaume. Aliyefiwa na wazazi apewe mzee au fundi wa kijiji akae naye. Na kijana achungaye ng'ombe kutwa, huku wenzake wako shule, arudishwe shuleni kwanza, gari litafuata.

Wako watakaosema kwamba hawana muda. Twawajibu kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi anawajibika kumpatia mtoto, pamoja na chakula, mavazi na elimu. Saa moja ya jioni, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa, si mzigo kwa mtu yeyote. Mzazi anayemnunulia mtoto gari la plastiki mnadani amempa chombo cha wiki moja. Anayeketi naye chini na kumwonyesha namna ya kutoboa tundu bila kuupasua ubao amempa kitu kisichovunjika, na amejipatia nafasi ya kuzungumza na mwanawe kabla dunia haijazungumza naye.

Ndugu wazazi, msumeno upo, na vipande vya mbao vipo. Tuwaite watoto.