MAONI: Fundi, kabla hujabonyeza ‘y’, umenakili?

Ukikaa Kaloleni hapa Kisumu, unaijua tabia ya stima bila kuambiwa na mtu. Asubuhi jua linachoma. Alasiri mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, radi inapiga, taa zinazimika. Ndani ya saiba watu wanaguna kwa pamoja, kila mmoja akifikiria kazi ambayo hakuwa ameihifadhi. Fundi naye anaangalia chini ya meza, kule seva iliko.

Stima ikirudi na seva ikagoma kuwaka vizuri, lawama ni moja tu: “Ni stima!” Sikatai. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani, na hata uwanja wa ndege wa JKIA ulikumbwa na giza hilo. Novemba 11 na Desemba 10 mwaka uo huo mambo yakajirudia. Anayesema stima si tatizo hajawahi kufanya kazi na kompyuta Kenya.

Lakini mimi nasema hivi: data nyingi tunazopoteza haziuawi na stima. Tunaziua sisi wenyewe, katika ile nusu saa ya kwanza baada ya stima kurudi. Nina ushahidi, na mshtakiwa ni mimi.

Kuna mama mmoja aliyekuwa akiuza mafuta ya kupikia kwa jumla. Madeni ya wateja wake yote yalikuwa kwenye kaunta buku, na mimi ndiye niliyemshawishi ayahamishie kwenye kompyuta. Nilimwekea mashine pepe kwenye seva niliyonunua ikiwa imetumika, pamoja na za wateja wengine wawili. Kwa asiyejua, mashine pepe ni kompyuta ndani ya kompyuta. Programu kama VirtualBox au Proxmox inaigawa kompyuta moja, kila mteja anapata yake. Diski ya mashine pepe si kifaa cha kushika mkononi. Ni faili moja kubwa iliyolala ndani ya diski ya kweli.

Siku hiyo stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Nilipowasha, mashine ya mama ikakataa kufunguka. Ikaandika kwamba mfumo wa faili una hitilafu, niendeshe fsck kwa mkono. Mama alikuwa njiani kuja, simu inalia. Nikaandika fsck -y, yaani jibu “ndiyo” kwa kila swali bila kusoma hata moja. Katikati ya ukarabati mashine ikaganda. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha tena, nikarudia. Ilipomaliza, faili za madeni hazikuwepo. Folda ya lost+found ilikuwa imejaa vipande vyenye nambari badala ya majina.

Baadaye ndipo nilipoangalia mahali nilipopaswa kuanzia. Diski ya seva yenyewe ilikuwa imejaa pomoni, hakuna nafasi hata kidogo. Ilijazwa na nini? Na snapshoti zangu. Kila wiki nilikuwa nikipiga snapshoti ya mashine ya mama nikidhani ndiyo nakala rudufu, na sikuwahi kufuta hata moja. Faili ya diski pepe ilihitaji kupanuka ili fsck iandike marekebisho yake, ikakosa pa kupanukia, marekebisho yakakatika nusu. Stima ilianzisha ugonjwa. Dawa niliyotoa mimi ndiyo iliyomaliza mgonjwa.

Ukweli ni kwamba mifumo ya faili ya siku hizi, kama ext4 ya Linux na NTFS ya Windows, ilitengenezwa ikijua stima hupotea. Kabla ya kubadilisha mpangilio wake, mfumo huandika kwanza kwenye daftari lake dogo kile unachotaka kufanya. Umeme ukikatika, ukiwaka tena unasoma daftari na kumalizia au kuacha. Mara nyingi hilo linatosha. Shida ni kwamba kwenye mashine pepe kuna ghorofa kadhaa: mfumo wa faili wa mteja, chini yake faili ya diski pepe, chini yake mfumo wa faili wa seva, chini kabisa diski yenyewe. Ghorofa moja ikidanganya kwamba imeshaandika, kumbe data bado iko kwenye kumbukumbu ya muda, daftari la juu linapotoka. Fundi anayeweka mpangilio wa cache kuwa “unsafe” ili mashine ziende kasi anajichimbia shimo kwa mkono wake.

Kwa hivyo ukaguzi huanzia chini kwenda juu. Zima mashine pepe. Angalia diski ya kweli kwa smartctl: inakufa au ni nzima? Angalia nafasi kwa df -h. Nakili faili nzima ya diski pepe kwenye diski nyingine. Kama diski ya kweli inakufa, nakili kwa ddrescue, ambayo huokoa sehemu nzima kwanza kabla ya kupambana na sehemu mbovu. Kisha fanya kazi kwenye nakala, si kwenye ya awali. Kama ni qcow2, qemu-img check itakwambia faili yenyewe ikoje. Mwisho ndipo uingie kwenye mfumo wa faili, na hata hapo anza na fsck -n, inayosoma bila kubadilisha chochote. Upande wa Windows, chkdsk bila /f pia inasoma tu. Ukiharibu nakala, unatupa na kunakili upya. Ukiharibu ya awali, omera, unaenda kumwambia mwenyewe.

Wenzangu watasema hilo linachukua muda na mteja hasubiri. Ni kweli, mteja wa Kaloleni hasubiri. Atakwambia fundi wa pale Kondele anamaliza kwa dakika kumi. Lakini fsck haikutengenezwa kuokoa madeni ya mama. Kazi yake ni kuufanya mfumo wa faili ukubaliane na hesabu zake tena. Ikiona faili isiyoeleweka iko njiani, inaweza kuikatakata au kuiondoa, na kwa mtazamo wake imefaulu. Mashine itawaka vizuri kabisa. Kilichokosekana ni kile mteja alichokulipia.

Tena kuna upande wa sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haihusu wezi wa mtandaoni pekee. Inagusa hata kupotea au kuharibika kwa data za watu kwa bahati mbaya. Ukiweka rekodi za wagonjwa wa zahanati au wanafunzi wa shule kwenye seva yako, “stima ilipotea” si jibu la mtu mzima.

Na tuache kuziita snapshoti nakala rudufu. Snapshoti inakaa kwenye diski ile ile na inategemea faili ile ile. Diski ikifa, zinakufa zote. Nakala rudufu ni ile iliyo kwenye diski nyingine, na moja zaidi nje ya jengo, hata kama ni nyumbani kwako Manyatta. Na uijaribu: chukua nakala, iwashe kama mashine mpya, fungua faili, usome. Kama hujawahi kufanya hivyo, hujui kama una nakala. UPS nayo tusiielewe vibaya. Haikupi muda wa kumaliza kuchapisha. Inakupa dakika chache za kuzima mashine kwa utaratibu, na ukiiunganisha na seva kwa waya wa USB, seva inaweza kujizima yenyewe hata kama umetoka kwenda kula samaki.

Nawe mteja una kazi yako. Swali lako la kwanza kwa fundi huwa “Itakuwa tayari lini?” Anza na “Umenakili?” Akikosa jibu, chukua mashine yako uende. Sisi mafundi tutajirekebisha haraka tukiona wateja wanaondoka.

Mama hakunitukana siku ile. Ningependelea angenitukana. Alisikiliza maelezo yangu yote, akauliza kama kuna kitu kinaweza kurudi, nikasema hapana. Akafungua mkoba, akatoa kaunta buku mpya aliyokuwa ameinunua njiani kabla hajafika, akaniomba kalamu. Akaanza kuandika majina ya wadeni wake, yale aliyoyakumbuka.

“Kijana wangu,” akasema bila kuinua macho, “hiki changu hakihitaji stima.”

Wengine hawakulipa hadi leo. Aliowasahau, nao walimsahau.