Mashine ya Kufulia Inapopiga Kelele

Mashine ya kufulia uliyoitolea akiba yako Dar es Salaam imefika Igalula kwa Reli ya Kati. Mara unapoiwasha inarukaruka sakafuni, na jirani wa zamu ya usiku hapati usingizi. Usiseme umeuziwa mbovu. Yenye mlango wa mbele husafirishwa ikiwa imefungwa boliti nyuma, aghalabu tatu au nne, ili pipa la ndani lisitikisike njiani. Chomoa waya wa umeme, uzifungue zote kwa spana. Ukiiendesha nazo utaiharibu. Uziweke, maana utazihitaji siku ya kuhama. Kisha sawazisha miguu kwa pimamaji. Blanketi zito, nalo, lisifuliwe peke yake, kwani hulemea upande mmoja.