Nkome: Tuzo ya ufaulu ianzie jikoni

KILA matokeo ya darasa la saba yanapotoka, halmashauri nyingi nchini huandaa siku ya kuwapongeza waliofanya vizuri. Mahema hufungwa, ngoma huchezwa, mgeni rasmi hufika akiwa amechelewa, na watoto kumi au ishirini huitwa mbele kupokea madaftari, mabegi na vyeti. Mmoja hupewa cheti cha taaluma, mwingine cha usafi, mwingine cha nidhamu na tabia njema. Walimu nao huondoka na bahasha au bando la mabati.

Hakuna ubaya katika hilo. Mtoto aliyepigiwa makofi mbele ya wazazi wake huikumbuka siku hiyo hadi uzeeni. Lakini fedha ya tuzo ni fedha ya umma kama nyingine, na mlipakodi ana haki ya kuuliza inanunua nini. Je, inaongeza ufaulu, au inawapongeza tu waliokuwa mbele tangu walipotoka nyumbani asubuhi?

Mahali pazuri pa kuliangalia swali hilo ni Nkome. Hii ni kata iliyo ufukweni mwa Ziwa Victoria wilayani Geita, mbele ya Nzera yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya. Watalii wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo hupandia boti huko. Wafanyabiashara wanaijua kwa dagaa, sangara na sato. Nyuma ya mwalo kuna mihogo, mahindi, mpunga na viazi vitamu, na katika wilaya hiyohiyo kuna mashamba ya mananasi yanayouzwa hadi Mwanza. Ukirudi Geita mjini unaukuta mgodi wa dhahabu wa GGM, ulioanza uzalishaji mwaka 2000.

Samaki wapo, chakula kipo, dhahabu ipo. Hata hivyo utafiti wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Mkoa wa Geita ulikuwa juu ya wastani huo wa taifa. Watoto hao ndio wanaoingia darasa la kwanza. Wanaingia kwa wingi pia: Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,739,530 mkoani Geita, na ile ya 2022 ikahesabu 2,977,608. Ni ongezeko la zaidi ya asilimia 70 kwa miaka kumi, na madarasa, madawati na masufuria hayakuongezeka kwa kasi hiyo.

TAIFA LIMEKWISHA KUJARIBU TUZO

Suala la kupima na kutuza shule si geni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi. Kazi na mwenendo wake navyo vihesabiwe. Miaka karibu arobaini baadaye, mwaka 2013, mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulikuja na kupanga shule kwa rangi za kijani, njano na nyekundu, na kuahidi zawadi kwa zilizofanya vizuri na kwa zilizopanda. Mei 2015, katika Wiki ya Elimu mjini Dodoma, shule na wanafunzi walitunzwa mbele ya Rais Jakaya Kikwete.

Kisha upepo ukageuka. Januari 2023, Baraza la Mitihani (NECTA) lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, lilikataa kutaja shule kumi bora wala mwanafunzi bora wa kitaifa, kwa maelezo kuwa kuzilinganisha shule zisizo na mazingira sawa hakuna tija. Kenya ilifanya vivyo hivyo mwaka 2014, ikalegeza baada ya muda mfupi.

NECTA ilikuwa na hoja. Shule ya bweni inayolisha mara tatu kwa siku haiwezi kupimwa kwa mizani moja na shule ya kutwa ambako mtoto hutembea asubuhi, hukaa hadi alasiri, na kitu alichokula mara ya mwisho ni matobolwa ya jana usiku. Ila hoja hiyo haikushuka hadi kwenye kata. Huko bado anayetunzwa ni mwenye alama nyingi, na mwenye alama nyingi mara nyingi anatoka kwenye nyumba yenye chakula.

UTORO AU NJAA?

Kasoro hiyo ni kubwa zaidi kwenye tuzo ya tabia njema. Mwalimu hupima tabia kwa vitu anavyoviona: nani anawahi, nani yupo saa nane mchana, nani anasinzia, nani hatulii. Mtoto wa mwaloni anayeondoka mapumziko ya saa nne na kwenda kuanika dagaa au kuvuta kamba ili apewe samaki wawili wa kupeleka nyumbani, huandikwa mtoro. Kwenye ripoti anawekewa alama ya chini ya mwenendo, na siku ya sherehe hayumo kwenye orodha.

Kwa jicho la mchumi, mtoto huyo amefanya uamuzi unaoeleweka kabisa. Amepima saa tatu za darasani bila kula na saa tatu za mwaloni zenye samaki wawili. Kama kuna uji au makande shuleni saa hizo, mizani inabadilika. Programu za chakula shuleni katika nchi nyingi zinazoendelea zimeonyesha jambo hili: chenye kupanda kwanza ni mahudhurio, hasa ya watoto wa kaya maskini, na alama hufuata polepole, tena pale tu penye mwalimu na kitabu.

Katika muongo wa 2000 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liligawa chakula shuleni katika mikoa kame ya kati na kaskazini, kama Dodoma na Singida. Mwambao wa Ziwa una mvua, hivyo huonekana una chakula. Huo ni ukweli nusu. Chakula kipo sokoni na ghalani, si lazima kiwe tumboni mwa mtoto saa sita mchana.

SHILINGI 51 KWA SIKU

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada. Serikali inatoa ruzuku ya Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Gawanya kwa siku 194 za masomo: unapata Sh51 na senti kwa siku, na ruzuku hiyo ni ya vitabu, chaki, ukarabati na mitihani, si ya chakula. Chakula cha shule ya kutwa kimebaki kwa mzazi, kwa hiari yake.

Neno "hiari" ndilo limezaa mkanganyiko. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, baada ya watoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa fedha. Ilifafanuliwa baadaye kuwa mzazi anayetaka kuchangia anaweza, lakini fedha zipite kwa mkurugenzi wa halmashauri na si mikononi mwa mwalimu. Agizo lilikuwa na sababu za msingi. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kwamba walimu wakuu wengi waliogopa kutamka neno "mchango" hata kwa debe la mahindi. Serikali imekwisha kutoa mwongozo wa taifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, unaotaka wazazi na jamii wachangie kwa makubaliano, lakini woga ule haujaisha.

Pale michango inapotolewa, tatizo la pili hujitokeza: asiyechangia anafanyweje? Zipo shule ambako mtoto wa aliyechangia hunywa uji na wa asiyechangia huangalia. Hakuna cheti cha tabia njema kinachoweza kurekebisha somo ambalo watoto hao wawili wamejifunza pale jikoni. Nairobi ilipoanzisha mpango wa Dishi na County mwaka 2023, mzazi alitakiwa kutoa shilingi tano za Kenya kwa mlo, gharama iliyobaki ikabebwa na kaunti na wabia wake. Mtoto hupitisha bangili kwenye mashine na kuchukua chakula, wala hakuna mwenzake anayejua kama mzazi wake amelipa leo au la. Nkome haihitaji bangili. Daftari la mwalimu wa zamu likikaa ofisini badala ya kusomwa mstarini, limefanya kazi hiyohiyo.

HESABU YA DEBE MOJA

Tuchukue shule ya wanafunzi 1,000, ambayo kwa Geita si kubwa. Kila mmoja apate gramu 120 za unga au mahindi, gramu 30 za maharage na gramu 10 za dagaa wakavu. Kwa siku ni kilo 120 za nafaka, kilo 30 za maharage na kilo 10 za dagaa. Kwa siku 194 ni gunia 233 za kilo 100, maharage gunia 58, na dagaa chini kidogo ya tani mbili. Mkulima anayevuna gunia 10 kwa ekari angehitaji ekari 23 hivi kuilisha shule nzima nafaka kwa mwaka.

Ukiigawa kwa mtoto mmoja, ni kilo 23 za mahindi, yaani debe moja na ziada, maharage karibu kilo sita na dagaa kilo mbili. Kaya yenye shamba inaweza. Kaya yenye watoto watano na isiyo na shamba, na mwaloni ziko nyingi, haiwezi bila kusaidiwa.

Dagaa wanastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Ni samaki anayeliwa mzima, na mifupa yake ina madini ya chokaa ambayo uji wa mahindi hauna. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kwenye vyakula vya kuku, hasa wale walioanikwa mchangani au walionyeshewa wakati wa masika. Shule inayonunua dagaa safi wa kwenye vichanja, kwa bei inayojulikana, ingewapa wanawake wanaoanika sababu ya kuacha mchanga. Brazil iliweka jambo hili kwenye sheria mwaka 2009: angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule itumike kununua kwa wakulima wadogo.

Ratiba ya michango nayo ingefuata maisha ya huko. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika siku kadhaa na mifuko hukauka. Kumwambia mvuvi alete fedha tarehe 5 ya kila mwezi ni kumfanya mdaiwa bure. Akiombwa wakati wa giza, atatoa.

Gharama ambayo wengi huisahau ni ya moto. Serikali iliagiza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Shule ya watoto 1,000 inayoanza kupika leo haiwezi kuanza kwa mafiga matatu. Inahitaji jiko la gesi au la teknolojia nyingine safi, na hapo debe la mzazi halitoshi. Ghala pia: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na stoo ya shule yenye sakafu ya udongo ni hatari hiyohiyo.

DHAHABU IINGIE WAPI

Hapa ndipo mgodi unapohusika. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaitaka kampuni ya madini ikubaliane na halmashauri kila mwaka kuhusu mpango wa kurudisha kwa jamii. Mwaka 2018 GGM ilitenga Sh9.2 bilioni kwa halmashauri za Geita, ya Mji na ya Wilaya. Ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ni fungu jingine. Fedha hizi zimejenga madarasa, zahanati na nyumba za walimu, vitu vinavyoonekana na vinavyoweza kuzinduliwa kwa utepe. Jiko, ghala na tangi la maji vinastahili nafasi katika orodha hiyo, kwa kuwa ndivyo wazazi wasivyoweza kujenga kwa madebe.

Na tuzo ziendelee, ila zipime kingine. Shule itunzwe kwa idadi ya siku ambazo sufuria ilikuwa motoni kati ya 194, kwa mahudhurio ya mchana, kwa alama zilizopanda kulinganisha na za kwake mwaka uliopita, na kwa kutomwacha mtoto hata mmoja nje ya mstari wa chakula. Vyote vinahesabika kwenye daftari. Kuna hatari ya shule kuandika siku ambazo hazikupikwa, kama ilivyowahi kutokea kwa wanafunzi hewa, hivyo daftari likaguliwe na kamati ya wazazi, ambao watoto wao hawadanganyi kuhusu walichokula.

Kinachobaki ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, mavuno ya masika yakiwa bado ghalani na mahindi yakiwa nafuu. Fedha zikifika shuleni Julai, kamati itanunua kwa wazazi wake yenyewe. Zikifika Novemba, itanunua mahindi yaleyale kwa mchuuzi aliyeyabeba kutoka kwa wazazi hao, kwa bei yake.