Tope la Makupa lipimwe

Mhariri,

Nina neno kuhusu Hori la Makupa, Mombasa. Jaa la taka la Kibarani, kando ya hori hilo, lilifungwa, na tangu 2022 daraja limechukua mahali pa tuta la barabara lililoyabana maji. Hongera kwa hayo. Lakini kilichozama hakikuondoka. Uchafu ulichuruzika horini miaka mingi, na watafiti wamekuta risasi na shaba katika tope lake. Metali hizo haziozi. Hung'ang'ania chembe laini za tope, kaa na chaza huzimeza, nasi huwala hao. Tope likivurugwa, sumu huibuka upya.

Msishangae mtu wa Skuta, Nyeri, kuisemea pwani. Hapa kwetu nimeona betri kuukuu ya gari ikipasuliwa kando ya barabara: tindikali ikamwagwa mtaroni, vibamba vya risasi vikatiwa guniani viuzwe kwa kilo. Mtaro huteremkia mtoni, na maji ya hapa huingia Mto Tana hadi baharini Kipini. Tena risasi tunaijua. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya kiwanda cha kuyeyushia betri, na walioumia ni pamoja na watoto wao.

Mamlaka ya mazingira, NEMA, ipime tope la Makupa kila mwaka na ibandike matokeo penye soko la samaki, kwa Kiswahili. Nazo kaunti za huku mlimani zitenge mahali pa kupokea betri kuukuu, mvua za masika zisitukute hivi hivi.

Msomaji,
Skuta, Nyeri