Jubilei Ifike Mkekani

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana yakawa kanisa moja. Mwaka 2023 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilitimiza miaka 60, na katika jubilei kama hiyo majina ya maaskofu na wachungaji husomwa kwa heshima inayowastahili. Sisi tunaomba shangwe hiyo ifike pia mkekani wanapoketi watoto, kwa mabinti wanaofundisha Shule ya Jumapili.

Hapa katikati ya Dar es Salaam, kuanzia kanisa la Azania Front linalotazama bandari hadi usharika wa Kariakoo, kazi yao ina uzito wake. Kariakoo ilipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo ni mahali pa kubeba na kuuza. Binti anayesimama dukani Mtaa wa Kongo Jumatatu hadi Jumamosi amebakiwa na Jumapili tu ya kupumzika. Siku hiyo hiyo anadamka, anapanda daladala, anafika kabla ya kengele. Atawaimbisha watoto kwa vitendo, atamfuta kamasi aliyemlilia mama, kisha atawasimulia habari za Daudi mpaka walione kombeo likizunguka.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1780, kule Gloucester, Uingereza, Robert Raikes alianza kuwakusanya Jumapili watoto waliofanya kazi siku sita za juma. Waliowekwa kuwafundisha kusoma walikuwa wanawake.

KKKT liliamua kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990, miaka 27 baada ya muungano. Miaka yote hiyo mwanamke alikuwa anahubiri. Wasikilizaji wake walikuwa na umri wa miaka mitano. Tunaamini kanisa lilizoea sauti yake kwanza kwa masikio ya watoto hao, ambao baadaye walikua wakaingia kwenye vikao.

Kila Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba, watoto huongoza ibada na vigelegele hujaa kanisani. Tazama pembeni, karibu na nguzo: mwalimu wao anatamka kila neno bila sauti, mtoto asije akasahau mstari.

Wazee wa kanisa, mnapopanga bajeti ya mwaka ujao, wawekeeni walimu hawa fungu la nauli na vitabu. Na katika kila kijitabu cha jubilei, andikeni majina yao.